Kilo Nne za Viputo

Mizani haimwonei mtu haya. Jumatatu ilisema baba ameongezeka kilo nne na nusu tangu Ijumaa. Nikamshusha, nikamvua koti na viatu, nikampandisha tena. Kilo nne. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu, huu mwaka wa kumi na moja, na najua kilo hizo si za nyama. Figo za baba zimekufa, kwa hiyo anachokunywa kinabaki mwilini hadi mashine ikitoe. Amepangiwa nusu lita kwa siku, chai na mchuzi humo humo. Akizidisha, maji hupanda mapafuni. Mwaka huu nimeshapoteza wagonjwa wawili kwa njia hiyo.

Nilikuwa hoi, hata kukasirika niliona kazi. Nikamuuliza amekunywa nini. Akasema ni dawa ya dada. Mashine ilivuta kilo mbili na nusu tu, maana ikivuta zaidi kwa mara moja presha inaanguka. Zilizobaki alirudi nazo nyumbani.

Anaishi kwa dada yangu mkubwa, mtu asiye na mkono wa birika hata kidogo, na akisikia kuna kitu kinaponya figo hangoji kuuliza. Jioni nikalikuta mezani kwake: jagi la kuchomeka kwenye umeme. Unabonyeza kitufe, taa ya buluu inawaka, na kutoka chini vinaanza kupanda viputo vidogo mno, maelfu kwa maelfu, mpaka maji yanakuwa meupe kama ya kuoshea mchele. Dada akanieleza kwa furaha kwamba umeme unayapasua maji, hidrojeni inatoka, inaingia kwenye damu na kuisafisha. Lita mbili kwa siku. Alikuwa akimmiminia kwa mkono wake mwenyewe.

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia hidrojeni yake inapotelea hewani, yanayobaki ni maji, na kwamba anamzamisha baba akiwa amekaa kwenye kiti. Akachomoa waya, akaenda kujifungia chumbani. Sasa nilikuwa na mgonjwa na mwenye kulia, na tangu alfajiri sikuwa nimekaa chini.

Baba alikuwa ameegemea mito mitatu, maana akilala anakosa pumzi. Akanionyesha nikae.

"Dada yako usimgombeze," akasema polepole. "Mimi sikudanganyika. Miaka minne nipo kwenye kitanda chenu, najua nisichotakiwa kunywa."

"Sasa kwa nini, baba?"

"Nina kiu, mama."

Akanisimulia jinsi anavyoiba maji bafuni, anafungua bomba kidogo lisisikike. Mtu mzima, aliyesomesha watoto wanne. Anasukutua mdomo na kumeza, kisha anajifuta midevu asijulikane. Jagi lilipokuja, akanywa mezani pamoja na wajukuu, na dada anamwambia aongeze.

"Hayo mapovu siyajui," akasema. "Ninachojua, hakuna aliyeninyang'anya glasi."

Anayemnyang'anya ni mimi. Kazini namnyang'anya, hapa namnyang'anya, na kesho nitamnyang'anya tena, la sivyo nitamzika. Iliniuma.

Nikaenda mezani, nikachomeka waya, nikabonyeza kitufe. Viputo vikapanda. Nikapima vijiko vitatu vya maji hayo kwenye glasi, nikampelekea kwa mikono miwili. Akayatazama mpaka yakawa maangavu, ndipo akanywa, akiyazungusha mdomoni kabla ya kumeza.

"Jagi bado limejaa," akasema.

"Hapana, baba."

Hakubishana. Nikalibeba jagi hadi kwenye sinki, nikalimwaga lote, na yeye akageukia ukutani mpaka sauti ya maji ikaisha.