Kijiti Kirefu

"Mheshimiwa mwenyekiti, naunga mkono mada," alisema Dorine, akapanda juu ya kigoda.

Mwenyekiti alikuwa baba yake, Kajetani, seremala mwenye banda lake Mfaranyaki, penseli sikioni na daftari gotini. Kila Jumapili baada ya misa aliwaita wanawe sebuleni wajadiliane. Sheria aliziweka mwenyewe: anayechomoa kijiti kirefu anaunga mkono, mwenye kifupi anapinga, na kila mtu atetee upande uliomwangukia hata kama moyo wake hautaki. Dakika tatu, kisha sahani inagongwa. Hakuna kununa. Majirani pale Bombambili walimtania kwamba anafuga wabunge, naye alipenda sana kutaniwa hivyo.

Mada ya siku hiyo: Bibi akaishi Namtumbo kwa baba mdogo Tadei. Aliitunga Kajetani. Miezi miwili mkewe, Ursula, alikuwa akimsukuma aliseme jambo hilo, naye kila asubuhi alimwamkia mama yake shikamoo akaenda zake kazini bila kuligusia. Akaona basi, ni mchezo, watoto waliseme. Alikuwa mwoga, hakuna jina jingine.

Bibi Walburga alikuwa nyuma ya pazia, katika chumba alicholala na Dorine, akichambua maharage. Alikaa chini sakafuni, maana kigoda chake ndicho kilichoazimwa kwa mdahalo.

"Hoja ya kwanza, chumba ni kimoja na kitanda ni kimoja. Ya pili, niko kidato cha nne na Bibi anakohoa mpaka alfajiri. Ya tatu, baba aliahidi kunitengea kona kwa ukuta wa mbao. Mwaka umepita. Kuta za watu anajenga, kwetu mbao zimelala nyuma ya nyumba."

Kajetani alicheka kwa sauti. Binti alipanga hoja kama fremu ya mlango, kila kona imekaa. Aliandika alama tisa kwa kumi.

Remmy, mdogo wake wa miaka minane, alipanda na kijiti chake kifupi. "Mimi napinga. Kwa sababu Bibi ni Bibi." Akafikiri. "Halafu ananichemshia viazi."

"Hiyo si hoja, mzee," alisema Kajetani. "Dorine ameshinda."

Wakapiga makofi. Nyuma ya pazia, maharage yaliacha kudondoka sufuriani.

Jumatatu asubuhi Kajetani alimkuta mama yake mlangoni na furushi, rozari shingoni, viatu vya kanisani miguuni.

"Shikamoo, mama. Safari ya wapi?"

"Marahaba. Naenda kwa Tadei."

"Mama, ule ulikuwa mchezo! Dorine kachomoa kijiti tu. Angechomoa kifupi angekutetea."

"Najua. Kila Jumapili nawasikiliza, sheria zenu nazijua. Na mtoto sina ugomvi naye, kasema vizuri, kweli nakohoa. Lakini mada katunga nani?"

Kajetani aliipachika penseli sikioni.

"Ungeniambia mwenyewe, mwanangu. Ningeondoka bila kinyongo. Umemtwisha mtoto mzigo wako."

Usiende, mama, alitaka kusema. Ndani, Ursula aliyekuwa akifagia aliacha kufagia. Kajetani akatoka barabarani, akaita bodaboda.

Zile mbao za ukuta hazikuhitajika tena.

Jumapili iliyofuata aliweka kigoda katikati ya sebule. Alitafuta mada nyepesi: kipi bora, baiskeli au bodaboda. Dorine alichomoa kijiti bila kukitazama, akapanda.

"Haya, mheshimiwa, tunakusikiliza."

Dorine alimtazama baba yake. Hakulia, hakununa. Alisimama tu, mikono nyuma, midomo imefungwa. Dakika ya kwanza Kajetani alitabasamu. Ya pili akaweka penseli chini. Remmy, kijiko mkononi, hakuondoa macho kwenye saa ya ukutani mpaka muda ulipotimia, akagonga sahani.

Dorine akashuka. Akakibeba kigoda, akakirudisha chumbani, upande ule wa kitanda aliokuwa akilala Bibi.