Mafuta ya Sumaku Kwenye Mstari wa Salamu

Ibada ikiisha kanisani Kiplombe, kila anayetoka humsalimia mchungaji kwa mkono, kisha husimama kando yake ili naye asalimiwe. Mstari hurefuka hadi langoni, na hakuna anayekwepa kiganja cha mwenzake.

Jumapili ya kuchagua mwenyekiti wa shamba la kanisa, Kageha alitoka na mafuta meusi kiganjani. Yeye hufagia maabara ya chuo mjini, na Ijumaa chupa ya mafuta hayo ilikuwa imempasukia mkononi, yakakataa kuoshwa. Hufuata sumaku, na Kageha, kama washirika wote, huvaa bangili ya sumaku aliyouziwa kwa ajili ya presha. Presha haijashuka, lakini bangili inang'aa. Mhadhiri Wachira alimwambia asijali. Mafuta hayo, alisema, hushika penye ngozi yenye mikwaruzo na huteleza palipo laini.

Kageha alikuwa na lake moyoni. Aliutaka uenyekiti, kwa sababu Wabuge, anayeushikilia, huitisha kikao cha upanzi wakati mvua imeshapita, na akina mama hubaki kupalilia mahindi yaliyodumaa.

Mafuta yakapita mkono kwa mkono, yakiacha kidogo kwa kila mmoja. Kwenye viganja vya akina mama yalisimama wima, miiba midogo midogo, kama mahindi yanayochipua. Mmoja wao, Mama Brigid, alisema mwaka huu yameota mapema, akampa mkono aliyefuata.

Yakamfikia Wabuge, ambaye kila ripoti yake huanza na "tulilima". Yalitafuta pa kushika, yakakosa. Yakateleza hadi kwenye bangili, yakaingia ndani ya shati jeupe, yakatokea kolani. Mchungaji akampa leso.

"Mzee," Kageha akauliza kwa upole, "hiyo shamba umekuwa ukilima na mkono gani?"

"Mimi ni wa kupanga, Mama. Kupanga haileti sugu."

Watu wakakubali kwamba ni kweli, haileti. Mchungaji akapendekeza wenye uzoefu waendelee, na mstari mzima ukaitikia amina. Kageha naye aliitikia, kwa mazoea, kabla hajasikia alichokubali.

Kamati ikaamua mwenyekiti asisalimie tena kwa mkono. Atakuwa anapunga, shati lisiharibike. Kageha akazawadiwa jembe jipya, kwa kuwa mkono wake umethibitika kuwa unashika vizuri.