Mlango wa Benchi

Tangu jicho lake la kushoto lianze kuona ukungu, Orest Wasylyk alikuwa akiugonga mwimo wa kushoto wa lango kwa fimbo yake mara mbili badala ya moja, ajue kwamba bado uko palepale. Makipa wote wa hoki ya barafuni hugonga miimo, kwa hiyo alijipa moyo kwamba hakuna atakayeng'amua.

Lanna Kozak aling'amua. Yeye alikuwa kipa wa akiba, na kipa wa akiba mjini Dolna, kama kote katika jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, hukaa mwisho wa benchi akiwafungulia wenzake mlango wa kuingia na kutoka barafuni. Siku ya fainali, wakifunga kamba za viatu, alisema kwa sauti ndogo:

"Mzee Orest, mwimo wa kushoto siku hizi unaugonga mara mbili."

"Mazoea tu, binti."

"Mwaka jana hukuwa nayo." Akainama juu ya kiatu chake. "Sijamwambia kocha. Wala sitamwambia."

"Kwani huitaki nafasi yangu?"

"Naitaka sana. Lakini si kwa kukuchongea."

Heri angemchongea, Orest aliwaza. Angepata mtu wa kumchukia. Akavaa kinyago, akatoka wa kwanza, kama kawaida ya kipa anayeanza.

Katika kipindi cha pili kisahani, kile kinachochezwa badala ya mpira, kilipita kushotoni kwake. Alijua ni goli wavu ulipotikisika. Sasa walikuwa sare.

"Babu, nenda kalale!" mashabiki wa timu pinzani, Verna, walimzomea. "Acha watoto wacheze!"

Hilo alilivumilia. Kipa asiyezomewa bado hajaanza kazi. Lakini punde shuti jingine lilikuja upande uleule, chuma kikalia *ng'aa*, kisahani kikaruka hadi kwa watazamaji. Filimbi ikapulizwa. Dolna nzima ilisimama ikipiga makofi, kina mama wa kanisa wakaacha maandazi yao ya viazi mezani. Petro, beki wake, akaja kumgonga magotini kwa fimbo kumpongeza.

"Umetuokoa, mzee! Simba wewe!"

Roho ikamsuta. Aliteleza hadi kwenye benchi.

"Mkanda wa kinga umekatika?" aliuliza Dwight, kocha.

"Jicho."

"Jicho gani? Si umeokoa sasa hivi!"

"Mwimo ndio uliookoa, Dwight. Mimi sikuona kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu theluji ya kwanza."

Dwight alimkazia macho, kisha akageukia mwisho wa benchi. "Lanna. Ingia."

Lanna alikwenda langoni, akaikwaruza barafu kwa viatu vyake, akagonga kila mwimo mara moja. Orest akakaa mwisho wa benchi, mahali pa Lanna, bado pana joto.

Petro alirudi mbio akihema, akajibamiza kwenye mlango uliofungwa.

"Mlango, mzee! Umelala? Lanna hutufungulia kabla hatujafika!"

Komeo lilikuwa gumu, na Orest hakuwahi kulishika maisha yake yote. Benchi likacheka. Naye akacheka kidogo.

Ilibidi ageuze kichwa chote kushoto ili aone nani amechoka. Zamu iliyofuata alimwona Petro tena, goti moja likilegea, yuko mbali bado. Akaliondoa komeo, akaushika mlango wazi. Petro akapita bila kupunguza mwendo, akaenda kukaa.