Sita Katika Mia

Bwana wangu Ladislas alikuwa na ugonjwa moja, jina lake mia. Si mia yetu hii ya Kiswahili. Ile ya Kilatini, centum, yenye alitoka nayo ku seminari wakati mapadri walimurudisha nyumbani. Wengine wanarudi na kikohozi, yeye alirudi na centum.

"Emérita," ananiambia nikichambua maharagi, "angalia vile neno moja linazaa. Centimètre ni mutoto wake. Centigrade ni mutoto wake. Pour cent, ile 'katika mia', mutoto wake. Hata Waingereza kule Uganda walijipatia wao: miaka mia wanaiita century. Na yule mukubwa wa askari mu Injili, mwenye kumuambia Yesu 'sistahili uingie chini ya dari yangu', ni centurion, sababu aliamuru askari mia."

Mimi namujibu, "Huyo mama amezaa sana. Na kuni za leo ziko wapi?"

Lakini ile elimu njo ilimupatia kazi. Mwaka wa 1953 muzungu moja alifungua laiterie, nyumba ya kununua maziwa, mbali kidogo na Kitshanga, na sisi watu wa ng'ombe tukaanza kumupelekea maziwa kila asubuhi. Alitafuta muntu wa kupima. Ladislas akapewa koti nyeupe, kipimo cha joto, na kijiti cha kioo chenye kuelea mu maziwa. Maziwa ikiwa safi, kijiti kinasimama juu. Ikiwa na maji, kinazama, na Ladislas anakuambia maji ni ngapi katika mia. Alipima bidoni, zile debe za maziwa, kwa zamu, na mwenye ameshikwa anapimwa tena juma lenye kufuata. Muntu akishikwa mara tatu anafutwa ku liste, haleti tena maziwa mpaka kufa kwake.

Mwezi wa tatu zamu ya mama yake ikafika, na kijiti kilizama mu bidoni yake.

Mama mukwe wangu Nyirakamana alikuwa mujane. Ng'ombe zake zilikamuliwa na mutoto wake wa mwisho, Gasana, sababu kwetu mwanamuke hashike chuchu ya ng'ombe. Kazi ya mwanamuke ni vyombo: kuosha vyansi, ile mitungi yetu ya mbao, kuvifukiza moshi wa majani, kumimina. Na mulima wote ulijua hakuna vyansi visafi kupita vya Nyirakamana. Hiyo njo ilikuwa sifa yake, hakuwa na ingine. Akifutwa ku liste kwa sababu ya maji, nani atapokea tena maziwa ku mukono wake? Hata ya karamu ya ubatizo wataikataa.

Ladislas aliandika: sita katika mia.

"Si ungefunga jicho moja?" nikamuuliza.

"Nikifunga kwa mama yangu, kesho nitamuambia nini mama wa mwengine?"

Nilimuheshimu na nilimukasirikia wakati ule ule.

Juma lililofuata, sita tena. Nyirakamana akamutazama mbele ya watu wote. "Sijachanganya maziwa hata siku moja," akasema. "Lakini andika, mutoto wangu. Andika vile unaona." Tangu siku ile hakuingia tena kwetu. Alipita ku njia, akanisalimia mimi peke yangu, nje ya lupango, ule uwanja wa nyumba yetu. Nilimutumia chakula, sahani ikarudi vile ilienda. Ladislas alikuwa anaangalia ile sahani, na yeye pia hakule.

Hasira ikanishika. "Unajua centum na wajukuu wake wote, na mama yako humujui?"

"Kioo hakina mama, Emérita."

Basi asubuhi nikaenda mimi kwa mama mukwe, nikijifanya naomba moto. Gasana alikuwa amemaliza kukamua. Mama mukwe akamimina chansi cha kwanza mu bidoni. Kisha akachukua maji kidogo ya chemchem, akaitia mu kile chansi, akaizungusha polepole mpaka weupe wa mwisho ulitoka ku mbao, na ile pia akaimimina mu bidoni. Chansi cha pili, vile vile. Vilikuwa munane.

"Mama," nikasema, "ile maji ni ya nini?"

"Ile si maji. Ni maziwa yenye ilibakia. Maziwa haimwagwe ku udongo, ng'ombe atakauka. Hukufundishwa kwenu?"

Nilifundishwa. Lakini mu lupango zingine maji ya vyansi wanakunywa watoto. Kwake hakukuwa tena mutoto, Gasana alikuwa mwanaume mwenye ndevu. Nikamuambia kwa heshima kwamba hiyo njo kioo kinaona. Akakaa chini, mikono ku magoti, na mimi nikatamani nisingesema kitu.

"Kumbe heshima yangu njo inaniita mwizi," akasema. Akafunika bidoni. Siku ile hakupeleka maziwa. "Usimuambie bwana yako. Aache apime."

Kesho yake, siku ya kupimwa mara ya tatu, akabeba bidoni yeye mwenyewe mpaka ku laiterie, mimi nyuma yake. Ladislas akaingiza kijiti. Kikasimama juu.

"Mia katika mia," akasema kwa furaha. Watu wakapumua. Maziwa ikamiminwa mu pipa kubwa.

Mama yake hakucheka. "Hauniulize ile ingine nimeipeleka wapi?"

"Ingine gani, Mama?"

"Maji ya vyansi. Nimeimwaga mu majani, mara munane. Mutoto mwenye alikuwa anaikunywa alienda kusoma."

Niliona uso wa bwana wangu ukibadilika. Hakuhitaji kuelezwa. Ile maji aliikunywa kila asubuhi ya utoto wake, amesimama mbele ya mama yake. Akaweka kijiti chini. Akachota maji kikombe kimoja, akaitia mu bidoni tupu ya mama yake, akaizungusha, akainua bidoni kwa mikono miwili, akakunywa. Ikamutiririka ku shingo, ikalowanisha ile koti nyeupe. Muzungu akatoka kuuliza ni nini.

"Bado napima, Bwana," Ladislas akajibu.

Nyirakamana akachukua bidoni yake, akaenda zake. Zile alama mbili zilibaki mu kitabu, sababu Ladislas hakuwa muntu wa kufuta. Siku nzima hatukujua kama amesamehe ao hapana.

Jua likielekea kushuka, nikamuona anakuja, fimbo mukononi. Hakupita ku njia. Aliingia mu lupango. Ladislas akasimama mu mulango, akatafuta neno mu Kilatini yake yote, akapata la yule centurion tu.

"Mama," akasema, "sistahili uingie chini ya dari yangu."

"Toka ku mulango," mama yake akamujibu. "Niko na njaa."