Vifungo Vifichwe

Vifungo sita vya mfupa, vyeupe kama meno ya mtoto, havikuwamo tena kwenye kisahani chao kando ya cherehani cha mama yangu, na watu wazima wanne walikuwa wanamtazama kana kwamba wakimkazia macho atavitapika.

"Mwizi wa vifungo dawa yake kifungo," alisema Fundi Mkuu. Akacheka peke yake kwanza, kisha wengine wakamsaidia, maana ndiye aliyewapa kazi. Akaongeza kwamba mwenye koti la vifungo hivyo anakuja saa sita. Visipoonekana, Mama afungashe mkasi wake na asirudi.

Mimi nilikuwa chini ya meza ya kukatia, mahali pangu pa siku za likizo, ambapo kelele za vyerehani hunifikia zimechujwa. Nina miaka kumi na mitano na nina usonji. Fundi Mkuu huuita "ule ugonjwa wake", na hunisema nikiwa papo hapo, kama mtu anayezungumzia kabati. Hudai sijui kusoma nyuso. Kweli sijui. Lakini wao mabingwa walikuwa wameusoma uso wa Mama asubuhi nzima, na walichoambulia ni jasho.

Chini ya meza huonekana miguu tu, na miguu haijui kujifanya. Kila neno "vifungo" lilipotajwa, kandambili ya Dada wa Pasi, aliyeanza kazi Jumatatu, ililisukuma kopo la wanga ndani zaidi chini ya meza ya pasi, kuelekea ukutani. Mara nne nililiona likisogea.

Nikatoka, nikaliendea koti lililoning'inia. Kwenye kola palibanwa kikaratasi kwa pini, mwandiko wa Fundi Mkuu, maneno mawili: *Vifungo vifichwe*.

Nikamuuliza Dada wa Pasi, macho yangu yakiwa kwenye kopo, "Ulivificha humo?"

"Si niliambiwa nivifiche," akasema, akilivuta kopo na kuvitoa vyote sita. "Halafu wakaanza kusema mwizi."

Wakacheka mpaka wakashika meza. Fundi Mkuu akaeleza, akijipangusa machozi, kwamba hata mtoto wa fundi anajua kuficha vifungo ni kuvishonea ndani ya mkunjo. Akatunyooshea kidole, Dada wa Pasi kisha mimi. "Kumbe tunafuga wajinga wawili."

Neno hilo nilikuwa nalo tayari ulimini, nimemwandalia Dada wa Pasi. Kulisikia likitoka kwenye kinywa kile kulinifanya nilimeze, na lilikuwa chungu.

Hakuna aliyemwambia Mama pole. Aliambiwa arudi kwenye cherehani, saa zinakwenda. Akarudi. Mguu wake ulikosa pedali mara mbili kabla ya kuipata.

Nikachukua chaki ya kuchoria, nikaona ni nene mno, nikachukua penseli. Nikakilaza kikaratasi mezani.

"Unaandika nini kwenye karatasi yangu?" Fundi Mkuu akauliza.

"Ulichotaka kusema, Mzee."

Nikaandika: *Vishonewe ndani ya mkunjo wa mbele, visionekane kwa nje.* Nikakirudisha kolani kwa pini ileile. Vyerehani vilikuwa vimenyamaza, vyote isipokuwa cha Mama.

Dada wa Pasi akasogea. Alikisoma kwa kidole, neno baada ya neno, midomo ikimchezacheza. Alipofika mwisho, akarudi mwanzo.