Mtu wa Tano Uwanjani kwa Orrin Tackett

Jumamosi asubuhi Orrin Tackett alikata nyasi za uwanja wake wa mbele kwa mashine ya petroli, na Wajapani watano waliokuwa wamekaa pale wakainua miguu mmoja baada ya mwingine ili apite. Walikuwa wamelowa. Wengine walikuwa wamelowa tangu 1943, wengine tangu 1944, na pale walipokaa maji ya chumvi yalikuwa yameunguza nyasi mpaka udongo ukaonekana: vipara vitano, kila kimoja upana wa sinia. Verna, mkewe, alikwisha kuacha kupanda maua upande ule.

Katika mji ule mdogo wa Florida hakuna aliyeona ajabu. Mji ulijaa marubani wastaafu wa jeshi la majini, na karibu kila aliyewahi kuangusha ndege ya adui katika Bahari ya Pasifiki alikuwa na wageni wake. Walifika mwaka ambao mtu alistaafu, wakachagua pa kukaa, wakakaa. Kila mmoja alikwenda kwa yule aliyemuua, na hakuna aliyewahi kukosea nyumba. Hawakula wala hawakudai kitu. Mtu wa posta aliwaamkia alipopita. Mke wa mchungaji aliwahi kuwagawia mablanketi, mablanketi yakalowa, akaona isiwe taabu.

Orrin alizima mashine, akajifuta jasho, akaanza kuhesabu. Hakuwa akihesabu wa kwake. Alihesabu wa ng'ambo ya barabara, uwanjani kwa Lyle Brandvold. Walikuwa wanne. Jana yake walikuwa wanne, na juzi wanne, na kwa miaka miwili aliyokuwa akiwahesabu hawakuwahi kuzidi hapo.

Wivu wa Orrin ulikuwa na umri wa miaka thelathini na tano na afya njema kuliko yeye mwenyewe. Alikuwa ameruka bega kwa bega na Lyle kutoka manowari moja ya kubebea ndege, wakila meza moja na kuazimana soksi. Mtu aliyeangusha ndege tano aliitwa bingwa. Lyle alihesabiwa tano, Orrin nne. Kwa ndege hiyo moja Lyle alipewa mtaa wenye jina lake, kifungua kinywa cha bure kila Jumapili katika mkahawa wa mjini, na kiti cha mbele kwenye kila gwaride. Orrin aliuza pampu za maji mashambani, na kila shamba alilofika walimuuliza kama kweli anamfahamu Lyle Brandvold.

Hata wafu wa Lyle walikuwa bora. Mmoja alikuwa luteni, mwenye skafu nyeupe ya hariri. Walicheza karata, na jioni vicheko vyao vilivuka barabara. Kati ya watano wa Orrin hakuna aliyekuwa ofisa, na huyu wa mwisho, kijana mwembamba aliyekaa karibu na boksi la barua, alikuwa akitazama magoti yake tu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa Juni 1944. Siku ile Orrin na Lyle waliipiga ndege moja. Katika vikosi vingine wawili wakigombea ndege kila mmoja aliandikiwa nusu, yakaisha. Kamanda wao hakutaka. "Mimi sichori nusu bendera ubavuni mwa ndege," alisema. "Rusheni sarafu." Basi wakarusha sarafu katika chumba cha marubani, alama za miwani ya kurukia zikiwa bado usoni. Orrin alisema kichwa. Ikaangukia upande wa tai. Lyle akaenda kuchora bendera yake ya tano, moja kwa kila ndege aliyoangusha, na Orrin akampa mkono wa pongezi, na mkono ule ulimuuma mpaka leo.

Sasa chama cha marubani wastaafu kilikuwa kinasimamisha jiwe katika bustani ya mji, la majina ya mabingwa peke yao. Mchongaji alikuwa aje Ijumaa. Ndege ile ikiwa ya Orrin, jina lake lingechongwa na la Lyle lingeondolewa. Ikibaki kwa Lyle, Orrin angezikwa kama muuza pampu. Kwa hiyo aliiandikia kamati ya uhakiki kurasa nne, akaambatanisha picha ya uwanja wake, watano, na picha ya uwanja wa Lyle, wanne, aliyoipiga kwa siri akiwa amejibanza nyuma ya pazia la jikoni.

"Umeituma kweli?" Verna alimuuliza alipoingia ndani.

"Nimeituma."

"Orrin, mtu ameishi na sifa yake miaka yote hii."

"Sifa yangu hiyo. Yeye alikuwa akiivaa tu."

"Na Ingrid wa Lyle nitamwangaliaje kanisani?"

"Mwangalie kama yeye anavyokuangalia wewe. Kwa juu."

Verna alicheka bila kupenda, maana ilikuwa kweli, kisha akakasirika kwa kuchekeshwa. "Na hao maskini umewauliza?" alisema. "Au umewahesabu tu?"

Orrin hakuwahi kuwauliza. Alijiambia kwamba si adabu kumuuliza mtu habari za kifo chake.

Jumatano kamati ilifika. Kamati ilikuwa Bi. Constance Pruitt, mhifadhi nyaraka mstaafu aliyesafiri na meza ya kukunja, sanduku la karatasi na futi ya fundi cherehani. Katika miaka kumi alikuwa amewanyang'anya wanaume kumi na mmoja jumla ya ndege kumi na nne, na hakuna mtu aliyemwalika kwa Krismasi. Alipima vipara vya Orrin kimoja kimoja, akavuka akapima vya Lyle, akaandika. Kisha akafungua meza pale pale uwanjani. Lyle alimfuata polepole na fimbo yake, amevaa kofia ya kikosi. Orrin alipoiona kofia alijuta kutovaa ya kwake.

"Siku hiyo marubani wa manowari yenu walidai ndege kumi na tisa," Bi. Pruitt alisema. "Wajapani wameandika wamepoteza saba."

"Na hizo kumi na mbili?" Verna aliuliza.

"Ziliangushwa na hamu, mama." Alipanga karatasi zake. "Ushahidi wa kwanza ni ripoti za siku ile. Wa pili ni kumbukumbu za adui. Wa tatu ni wa uwanjani. Huu tunaupokea, lakini wafu hatuwaapishi, na uzito wake ni mdogo. Bwana Tackett, tueleze."

Orrin alikuwa ameisimulia habari ile mara nyingi kwenye kioo cha bafuni. Alikuja kutoka kulia, alisema, jua likiwa mgongoni. Alimimina risasi sekunde tatu nzima. Ndege ya adui ikapasuka ikatoa moshi mweupe, naye akageuka, akaupiga ule moshi mpaka ukaisha.

Bi. Pruitt aliinua kichwa. "Moshi mweupe?"

"Mweupe."

"Ndege zile zikiwaka zinatoa moshi mweusi."

"Mimi niliona mweupe," Orrin alisema.

Lyle alikuwa akikwaruza nyasi kwa ncha ya fimbo.

Bi. Pruitt alimgeukia yule kijana wa karibu na boksi la barua, akamwomba asogee. Kijana alisimama, akainama kidogo kwa heshima, maji yakamtiririka kwenye mikono. Alisema anaitwa Shibukawa, rubani, umri miaka ishirini na mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza Orrin kuisikia sauti yake.

"Ndege yako iliangushwa na nani?"

"Na huyo bwana wa fimbo. Alinipiga injini, ikawaka. Nikafungua kioo nikaruka."

Orrin alitaka kucheka. "Sasa kwangu amefuata nini? Mwulize. Mwulize kwa nini hakai kule."

"Ulikuwa hai wakati unaruka?" Bi. Pruitt aliuliza.

"Nilikuwa mzima kabisa. Mwavuli ulifunguka vizuri, mweupe, mpya. Nilikuwa naning'inia, chini kuna bahari, nikifikiria viatu, kama nivivue au nisivivue. Kisha nikaona ndege ya pili inageuka kunijia. Nilikuwa nimesikia kwamba wengine huwa wanapita karibu wanampungia mtu mkono. Nikampungia."

Verna alikuwa ameshika jagi la chai baridi. Aliliweka juu ya nyasi.

"Bwana Brandvold," Bi. Pruitt alisema, "wewe uliona?"

"Niliona."

"Katika ripoti yako haimo."

"Haimo."

Bi. Pruitt aliandika mstari mmoja, akakausha wino kwa karatasi, akafunga kalamu. "Ndege ni ya Bwana Brandvold," alisema. "Imethibitishwa, tena nzima. Jiwe libaki kama lilivyopangwa."

"Na huyu?" Orrin aliuliza.

"Yupi?"

"Huyu. Nimemuua mimi. Anaandikwa wapi?"

"Kamati inahakiki ndege, Bwana Tackett. Fomu yetu haina sehemu ya watu." Alikunja meza yake, akawashukuru wafu kwa uvumilivu wao, akamwambia Verna kwamba ile ndimu kwenye chai imekaa vizuri. Kisha akaingia garini akaenda, kwa sababu mchana huo alikuwa na kesi nyingine ya ndege mbili mji wa jirani.

Shibukawa alirudi mahali pake akakaa. Lyle alibaki amesimama.

"Ulijua siku zote," Orrin alimwambia.

"Nilijua."

"Na sarafu ukakubali kurusha. Kwa ndege unayoijua ni yako."

"Ningefanyaje? Ningekataa, kamanda angeuliza sababu. Ningeitaja sababu, ungerudishwa nyumbani kwa aibu." Lyle alishusha pumzi. "Tulikuwa tunaazimana soksi, Orrin."

"Na kama ungeshindwa? Ndege yako ingekuwa yangu."

"Ingekuwa yako. Ndiyo hivyo." Lyle alimwinamia Verna kidogo, akavuka barabara. Wafu wake wanne walikuwa wamesimamisha karata wakimngojea.

Jioni ile Orrin alikaa kitandani akatafuta majuto. Aliyatafuta kwa uaminifu, kila pembe ya kifua chake, kwa sababu alijua yanapaswa kuwemo na kwamba mtu mwenye heshima angeyakuta bila kutafuta. Alimwona yule kijana anapunga mkono. Alijua sasa kwamba alikuwa ameuona ule mkono hata siku ile, na kwamba moshi aliuongeza mwenyewe baadaye. Lakini kila alipokaribia kusikitika, palipita Lyle na fimbo yake na kofia yake na kimya chake cha miaka thelathini na tano. Mtu amekufichia jambo kama hilo, hakukudai hata shukrani, na ulipomchongea akaja kwa miguu yake kukusikiliza. Maumivu ya ndege alikuwa ameyazoea. Hili lilikuwa jipya, na liliuma kupita ndege.

"Unawaza nini?" Verna aliuliza gizani.

"Nawaza Lyle."

Verna alingoja kidogo kuona kama kuna lingine. Hapakuwa na lingine. Alichukua mto wake akaenda kulala chumba cha mbele, na tangu usiku ule akawa analala huko.

Jiwe lilizinduliwa Jumapili. Bendi ilipiga, meya alikosea kutamka majina mawili, na Lyle alipoitwa alipanda jukwaani akapiga saluti. Wafu wake walipewa viti mstari wa pili, na mpiga picha wa gazeti alimwomba luteni anyooshe skafu. Kisha Lyle alifanya jambo ambalo halikuwemo katika ratiba. Alimwona Shibukawa amesimama nyuma kabisa, karibu na vyoo, akamwita kwa mkono. Shibukawa alipanda, wakapigwa picha pamoja, rubani na rubani aliyemwangusha, na watu wakasimama wakapiga makofi, wengine wakilia. Verna alipiga makofi. Orrin naye alipiga, maana kila mtu alikuwa akipiga.

Baadaye walitembea kurudi nyumbani, Verna mbele peke yake, Orrin na Shibukawa nyuma. Ng'ambo ya barabara Lyle alikuwa tayari ametandika vitambaa mezani chini ya mti, na wenzake wanagawa karata. Kulikuwa na nafasi ya tano. Mtu yeyote angeiona.

"Mbona usihamie kwake?" Orrin alisema. "Kuna kivuli. Utani upo. Na ndege yenyewe imethibitishwa ni yake, umesikia mwenyewe."

Shibukawa alikitazama kile kivuli, na karata, na luteni aliyekuwa akicheka.

"Siwezi," alisema. "Yeye aliniacha hai."

Akapita langoni, akaenda kukaa karibu na boksi la barua. Orrin alisimama pale barabarani akilifikiria jibu lile. Alilifikiria kwa haki, kila upande, na kila upande Lyle ndiye aliyekuwa ameshinda.