Driscoll wa Pipa

Mwenye binti na asikie yaliyomkuta Noreen Driscoll wa Baltimore, kijiji cha bandari kule Cork, kwa kuogopa kuuliza.

Pale bandarini ukirusha jiwe unampiga Driscoll. Ndiyo maana kila mlango una jina lake la utani. Noreen na binti yake Gobnait ni Driscoll wa Mwamba. Fachtna, kijana aliyemposa Gobnait, ni Driscoll wa Pipa. Watu walisema babu yao wa zamani alikuwa hatoki baa.

Posa ilipokuja, usingizi ulimruka Noreen. Alijua Driscoll wote wametokana na mtu mmoja, mpatanishi wa kale wa wenyeji na mabaharia wa kigeni; jina Driscoll lenyewe maana yake ni mpatanishi. Sasa damu moja ioane? Aibu ikamziba mdomo. Akawa anamwambia binti, "Subiri kwanza," bila kusema kwa nini, mpaka Gobnait akaacha kuimba jikoni.

Ikafika Juni, ukoo ukakutana kama kila mwaka. Fidla zinalia, vibua wanakaangwa, na Driscoll waliotoka ng'ambo, Boston, wanabusu kuta za ngome ya mababu. Kila mlango ukatoa mtu wa kutaja wazee wake. Wa Pipa wakamtoa Bibi Hanora, bibi yake Fachtna.

"Fachtna wa Donncha, wa Con, wa Cormac," akasema, akafuta povu la bia mdomoni.

"Na Cormac wa nani?" Noreen akajikuta ameuliza.

"Wa kwao Tipperary, kule bara. Alikuja kututengenezea mapipa ya samaki wa chumvi. Alikuwa Hackett, lakini hapa nani angemkumbuka Hackett? Wakambandika Driscoll."

"Kumbe miaka yote mnatunywea bia bure," mtu akapaza sauti.

"Na pipa lake mlitengenezewa na nani?" Bibi Hanora akamrudishia.

Uwanja mzima ukacheka. Noreen akamsogelea. "Mbona hukuniambia, Bibi Hanora?"

"Uliniuliza lini? Tangu posa ile, ukiniona unavuka barabara."

Aliyenyong'onyea ni Fachtna, na fulana yake yenye jina la ukoo kifuani. "Kwa hiyo mimi si Driscoll."

Gobnait akamvuta kola. "Nioe, nikupe langu. Hili ni la halali."

Noreen alicheka mpaka machozi, kisha akamwinua Bibi Hanora wakacheza.

Harusi ilikuwa Agosti, keki ikakatwa juu ya pipa. Gobnait aliimba nyimbo zote alizolinyima jiko miezi ile. Katikati ya shangwe Noreen akamwona bintiye mdogo, Sorcha, akizungushwa na Driscoll mmoja mrefu wa Boston. Safari hii hakungoja hata wimbo uishe. Akapenya katikati yao na sahani ya keki mkononi.

"Karibu keki, baba," akamwambia kijana. "Wewe ni wa mlango gani?"